Kwa nini vidole vinahisi kuliko mgongo

Dada wa Kibirizi, umeuliza inakuwaje vidole vyako vinanasa hata punje moja ya mchanga kwenye dagaa, lakini mgongoni ukiguswa na njiti mbili unahisi moja. Ncha za vidole zimejaa vipokezi vya mguso: zinatofautisha njiti zilizoachana milimita 2 au 3, mgongo unataka kama 40. Kubwa zaidi ni ubongo. Sehemu yake inayopokea hisia haigawi nafasi sawa. Vidole na midomo vimejitwalia eneo kubwa, mgongo kidogo tu. Madaktari wa upasuaji wa ubongo Wilder Penfield na Edwin Boldrey walichapisha ramani ya mgao huo mwaka 1937, baada ya kuchokoza kwa umeme mdogo ubongo wa wagonjwa walio macho, nao wakataja wanapohisi. Na kazi yako ya kuchambua dagaa kila siku inazidi kuvinoa vidole, usiidharau.