Re: Rili yenye kaunta ya bei nafuu kwa kukokota chambo, Matema

Ndugu, umeuliza rili gani ya bei nafuu yenye kaunta (kihesabio kinachoonyesha urefu wa mshipi uliotoka) inafaa kukokota chambo huko Matema, Ziwa Nyasa. Kwa kuvua samaki aina ya mbasa nyuma ya boti ndogo huhitaji rili ghali kama Shimano Tekota. Okuma Magda Pro au Daiwa Accudepth inatosha kabisa, ila ukitaka kutumia rili mbili, kushoto na kulia mwa boti, nunua za aina moja na ukubwa mmoja.

Kaunta za bei hii hazipimi mshipi, zinahesabu mizunguko ya spuli, yaani gurudumu linalozungushiwa mshipi. Spuli ikijaa, namba iko karibu na ukweli. Unene wa mzingo wa mshipi kwenye spuli ukipungua hadi asilimia 80 ya spuli iliyojaa, kaunta itasoma futi 100 wakati zimetoka 80 tu, na hapo ndipo watu wanalaumu rili bure! Kwa hiyo jaza spuli: anza na mshipi wa bei rahisi chini, kisha mzuri juu mpaka ukingoni. Kupima, nyosha mita 30 za mshipi barabarani: kaunta isome futi 98 hivi. Ikizidi sana, ongeza mshipi wa chini.

Namba ya kaunta ni urefu wa mshipi uliotoka, si kina cha chambo. Kina hutegemea mwendo wa boti, uzito wa chambo na unene wa mshipi.

Dukani, jaribu breki (inayozuia mshipi usitoke ovyo samaki akivuta) kwa kuvuta taratibu kwa mkono. Ikikwamakwama, achana nayo.