Maswali yenu kuhusu Mfalme Gongmin wa Goryeo

Tamthilia za kihistoria za Korea zimewaletea wasomaji wengi jina la Gongmin, aliyetawala kuanzia 1351 hadi 1374. Haya ni baadhi ya maswali mliyotuma.

Kwa nini mfalme wa Korea alikulia Uchina?

Goryeo ndiyo iliyotawala rasi ya Korea tangu 918 hadi 1392, mji mkuu ukiwa Gaegyeong, ambao leo ni Kaesong, Korea Kaskazini. Wamongolia walianza kuivamia mwaka 1231, na baada ya takriban miaka 30 ya vita ikasalimu amri. Wafalme waliachiwa kiti, lakini kwa masharti mazito: wana wao walipelekwa Dadu, Beijing ya leo, wakalelewa huko kama mateka wa heshima, na wakaozwa mabinti wa ukoo wa Yuan, yaani nasaba ya Wamongolia iliyotawala Uchina.

Gongmin, mtoto wa Mfalme Chungsuk, alizaliwa 1330 na kupelekwa huko 1341, akiwa bado mtoto. Alikaa miaka 10. Yuan wenyewe ndio waliomwondoa mpwa wake Chungjeong wakamtawaza yeye. Hawakujua wanamtawaza mtu aliyeutazama udhaifu wao kwa karibu, wakati uasi ulikuwa umeanza kuzuka katika majimbo yao.

Aliwezaje kuwafukuza Wamongolia?

Kwa subira, na kwa kuchagua saa. Mwaka 1352 aliacha misuko ya nywele na mavazi ya Kimongolia. Pigo lenyewe lilikuja 1356. Adui mkubwa alikuwa ndani ya nchi: Gi Cheol, aliyetamba kwa sababu dada yake alikuwa malkia huko Dadu. Gongmin alimwalika karamuni ikulu pamoja na wenzake, wakauawa. Ni tendo la kutisha na sitalipamba. Mara ikafungwa ofisi ambayo Yuan waliitumia kuisimamia Goryeo, na jeshi likapanda kaskazini kulikomboa eneo la Ssangseong, iliyokuwa mikononi mwa Wamongolia kwa karibu miaka 100. Aliyesaidia kutoka ndani alikuwa Yi Ja-chun. Mwanawe, Yi Seong-gye, ndiye atakayeiangusha Goryeo na kuanzisha nasaba ya Joseon mwaka 1392.

Mkewe alikuwa Mmongolia. Ni kweli walipendana hivyo?

Ndiyo, dada yangu, na ushahidi ni mwingi. Binti mfalme Noguk alisimama na mumewe hata dhidi ya ukoo wake mwenyewe. Waasi wa Vilemba Vyekundu kutoka Uchina walipouteka mji mkuu mwaka 1361, mfalme na mkewe walikimbilia Andong. Wenyeji wanasimulia kuwa wanawake waliinama wakapangana mgongo kwa mgongo ili Noguk avuke kijito juu yao, na mchezo huo unachezwa Andong hadi leo. Mwaka 1363 wauaji walipoingia usiku katika hekalu la Heungwangsa, towashi mmoja aliyefanana na mfalme alilala mahali pake akauawa, naye Noguk akaketi mlangoni mwa chumba alimofichwa mumewe.

Alifariki 1365 akijifungua. Mfalme, ambaye alikuwa mchoraji hodari, alichora picha yake kwa mkono wake mwenyewe.

Sin Don alikuwa tapeli au mtetezi wa wanyonge?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Sin Don alikuwa mtawa wa Kibuddha, na mama yake alikuwa mtumwa wa hekalu. Baada ya msiba wa Noguk, mfalme alimkabidhi madaraka makubwa kwa sababu ambayo naiona ya busara: hakuwa na ukoo wa kuupendelea. Koo kubwa zilikuwa zimepora mashamba ya wakulima na kuwageuza wenye mashamba hayo kuwa watumwa, kwa hiyo hazina haikupata kodi na jeshi halikupata askari.

Mwaka 1366 kikaundwa chombo cha kurudisha ardhi na kuwapa watu uhuru wao. Waporaji wa mji mkuu walipewa siku 15 kurudisha walichochukua, wa mikoani siku 40. Wengi walirudisha. Watumwa walikimbilia kulalamika na wakaachiliwa, wakawa wanamwita Sin Don mtakatifu. Mwaka uliofuata chuo cha Seonggyungwan kilifufuliwa chini ya msomi Yi Saek, na hapo wakalelewa vijana ambao baadaye walibadili nchi nzima.

Kweli, Sin Don alishtakiwa kwa ufisadi na uzinzi, na huenda si yote yalisingiziwa. Lakini mageuzi yote yalining'inia kwa mtu mmoja. Mfalme alipoacha kumwamini, mwaka 1371, Sin Don aliuawa, na wenye mashamba makubwa wakapumua. Kwangu huo ndio msiba mkubwa wa utawala huu, kuliko hata kifo cha Gongmin.

Gongmin alikufaje, na ni kweli mrithi wake, Mfalme U, hakuwa mwanawe?

Aliuawa usiku mwaka 1374 na towashi Choe Man-saeng pamoja na kijana wa walinzi wake, Hong Ryun. Historia rasmi ya Goryeo inasema Hong Ryun alimpa mimba mmoja wa wake za mfalme, na mfalme akakusudia kuwaua waliojua siri hiyo. Inamchora pia kama mlevi aliyeharibika tabia.

Someni hayo kwa tahadhari. Kitabu hicho kilikamilishwa 1451 na Joseon, yaani na waliompindua mrithi wake. Waliosema U ni mtoto wa Sin Don ndio waliohitaji sababu ya kumng'oa. Mama wa U, Banya, alitoka nyumbani kwa Sin Don, hilo ni kweli, lakini Gongmin mwenyewe alimtambua kama mwanawe.

Nikifika Korea nitaona nini cha kwake?

Seoul, ndani ya Jongmyo, hekalu la mizimu ya wafalme wa Joseon, kuna kibanda kidogo chenye picha yake na ya Noguk. Makumbusho ya Taifa yana vipande vya mchoro wa uwindaji unaosemekana ni wake. Makaburi yao mawili, yaliyojengwa ubavu kwa ubavu, yako Kaesong, na tangu 2013 ni sehemu ya Urithi wa Dunia wa UNESCO.