Laptopu imegoma kuwaka baada ya umeme kukatika

Pole sana ndugu. Umesema umeme ulikatika ghafla usiku, uliporudi laptopu haiwaki kabisa, na hata kijitaa cha chaja kimezima. Hicho kijitaa ndicho kinachonifanya nianze na chaja kabla ya mashine.

Chomeka ukutani moja kwa moja, achana na ekstensheni. Bado? Azima chaja ya aina hiyohiyo, lakini soma mgongoni: volti zilingane na za kwako (nyingi ni 19 hivi), ampea zisipungue. Ikiwaka, umepona kwa bei ya chaja.

Ikigoma, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kuchomoka, kisha bonyeza swichi ya kuwashia uishikilie sekunde 30. Rudisha chaja peke yake, ujaribu. Yangu ilifufuka hivyo, na fundi mmoja alikuwa ameshanitajia bei ya bodi mpya (ule ubao mkuu wa ndani ya mashine) iliyonitoa jasho!

Feni ikizunguka huku kioo kikiwa cheusi, mulika kioo kwa tochi ya simu. Ukiona picha kwa mbali, kilichokufa ni taa ya kioo.

Betri ikiwa imevimba au ukisikia harufu ya kuungua, usiichaji tena wala kuibonyeza. Hapo tafuta fundi mwenye kifaa cha kupimia volti (multimita). Mwambie mapema asifute diski, maana mafaili mara nyingi hutoka salama hata bodi ikiwa imekufa. Na akifungua, kaa hapohapo umwangalie.