Boksi la winchi mbele ya rejeta: maswali na majibu

Barua nyingi za safari hii zimekutana mahali pamoja: ile nafasi finyu kati ya bampa na rejeta. Humo hukaa winchi (mota ya kukokota gari kwa kamba), juu yake boksi la solenoidi (swichi za umeme zinazoiendesha), kisha taa za spoti, kibao cha namba na kandensa ya AC (rejeta ndogo ya kiyoyozi). Humo humo ndimo hewa ya kupoza injini inamotakiwa kupita. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

Fundi, habari za kazi. Nabeba watalii kwa Land Cruiser ya dizeli, injini 1HZ. Tangu nifunge bampa la chuma na winchi, gari linachemsha likipanda kutoka kreta ya Ngorongoro. Tambarare halina shida. Boksi la umeme wa winchi liko katikati ya grili. Nilihamishe? – Msomaji, Arusha

Lihamishe, ndugu yangu, ila usitegemee kwamba hilo peke yake litamaliza tatizo.

Mlima ule ni mtihani mzito. Unatoka sakafu ya kreta, mita 1,700 na kitu juu ya usawa wa bahari, hadi ukingoni kwenye mita 2,300 hivi, kwa gia ya chini, gari limejaa, mwendo wa mtu anayetembea. Kwa mwendo huo upepo wa safari haupo. Hewa yote ya rejeta inavutwa na feni, na kila kilichosimama mbele kinaipunguza. Kwenye tambarare, ukikimbia kilomita 80 kwa saa, upepo unajipenyeza wenyewe, ndiyo maana huko huoni shida.

Kabla hujafungua bolti, jaribu jambo la bure: ng'oa taa za spoti na kibao cha namba kilichoning'inia mbele ya grili, kisha panda mlima uleule kwa mzigo uleule na uitazame geji. Mshale ukishuka, umeshajua ugonjwa uko wapi.

Boksi lenyewe lipeleke chini ya boneti, karibu na betri, juu kadiri inavyowezekana, mbali na manifoldi ya ekzosi. Hakikisha boneti ikifungwa haigusi terminali yoyote. Weka mpira juu ya terminali hizo. Kabla ya kuchomoa chochote, piga picha na ubandike alama kwenye kila waya. Mota ya kawaida ya winchi hizi ina waya tatu nene kutoka kwenye boksi, zenye alama F1, F2 na A, pamoja na ethi. Mota ya sumaku ya kudumu ina mbili tu. Ukibadilishana F1 na F2, winchi itazunguka kinyume cha rimoti, na mtu anayebonyeza "achia" huku kamba inavuta anaweza kupoteza mkono.

Wengi wanaogopa kuwa kuhamisha boksi kunarefusha sana njia ya umeme. Kwa mota ya waya mbili, hapana. Betri tayari iko chini ya boneti, na umeme ulikuwa ukisafiri kutoka betri hadi boksi, halafu mota. Sasa kipande cha kwanza kimekuwa kifupi na cha pili kirefu. Jumla hubaki karibu ileile. Kwa mota ya waya tatu wana haki: umeme huenda kwenye mota kwa waya mmoja, hurudi kwenye boksi kwa wa pili, kisha huenda tena kwa wa tatu, hivyo njia hurefuka kweli.

Ukimaliza, geukia rejeta. Kwa gari linaloingia Serengeti na Ngorongoro, namshuku kwanza adui asiyeonekana: mbegu za nyasi. Hujibana kati ya kandensa na rejeta, mahali ambapo ukitazama kwa mbele unaona pasafi kabisa. Legeza kandensa, isogeze bila kukata mabomba ya gesi, osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Mashine ya kuoshea magari usiisogeze, italaza mapezi membamba ya rejeta.

Mwisho kabisa, kagua kifuniko cha rejeta. Kwenye mita 2,300 maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 92. Kifuniko kizima cha shinikizo la baa 0.9 hupandisha kiwango hicho hadi karibu 115. Kikiwa na mpira uliochoka, umejinyima nyuzi zaidi ya ishirini kwa sababu ya kitu cha bei ndogo sana.

Waya ziwe na unene gani? Muuzaji ameniambia milimita za mraba 25 inatosha kwa winchi ya pauni 9,500. – Msomaji, Iringa

Haitoshi. Winchi ya ukubwa huo, yaani kilo 4,300 hivi, ikivuta kwa nguvu zake zote hunywa ampea 400 na zaidi. Fanya hesabu na waya wa milimita za mraba 35: kila mita ya shaba ina ukinzani wa karibu nusu ya mili-omu. Boksi likiwa bado bampani, mita mbili kwenda na mbili kurudi ni nne. Kwa ampea 400 unapoteza volti 0.8 njiani, na wati zaidi ya 300 zinageuka joto ndani ya waya, chini ya boneti ambayo tayari ni moto. Ukiweka 50 unapoteza volti 0.55 tu. Kwa gari ambalo boksi limehamishwa, mimi nafunga 50.

Waya wa mashine ya kuchomelea ni mzuri, unapinda bila kukatika. Lakini ukwangue kabla hujalipa. Madukani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, na kwa macho huwezi kuutofautisha. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ndani ukiwa mweupe, mrudishie mwenyewe.

Vichwa vya waya vibanwe kwa presi ya haidroliki. Usikubali kuungiwa kwa risasi peke yake, kwa kuwa kiungo kikipata moto risasi hulegea. Ethi irudi moja kwa moja hadi hasi ya betri, siyo kwenye bampa lililopakwa rangi.

Fundi wangu anasema winchi haihitaji swichi kuu wala fyuzi. Ni kweli? – Msomaji, Isiolo

Kuhusu fyuzi ana hoja: winchi nyingi huja bila fyuzi kwenye njia ya mota, kwa kuwa mzigo wake hupanda na kushuka ghafla. Kuhusu swichi kuu hana hoja hata kidogo, na nakuomba usimsikilize.

Solenoidi huweza kunata. Volti zikishuka, mguso wa ndani hupiga cheche, huyeyuka na kushikana. Hapo unaachia kitufe na winchi inaendelea kuvuta. Ndoano inafika kwenye rola, kamba inakaza, na hakuna kitufe cha kuizima. Kitakachokuokoa ni swichi ya kukata umeme wa betri, inayoweza kubeba ampea 500, iliyofungwa mahali unapofika bila kuegemea kamba. Iache imezimwa siku zote, uiwashe wakati wa kuvuta tu.

Hapa ndipo kuhamisha boksi kunapolipa mara mbili. Boksi likiwa bampani, waya wenye umeme wa betri unapita mbele kabisa ya gari, mahali pa kwanza kugongwa. Likiwa karibu na betri, waya zinazokwenda bampani hazina umeme mpaka ubonyeze rimoti.

Shikamoo fundi. Walinitolea thermostati (kilango cha maji kinachofunguka kwa joto) ili gari lisichemshe. Limetulia kidogo lakini mlimani bado. – Msomaji, Mbeya

Marahaba. Waambie wairudishe. Kwenye injini nyingi za Toyota za dizeli, thermostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji moto haipozwi kamwe. Nunua mpya, ichemshe kwenye sufuria uone inavyofunguka, kisha ifunge.

Niko Muscat, tunaendesha mchangani kila wikendi ya baridi. Nitoe feni ya mkanda niweke mbili za umeme? – Msomaji, Oman

Usiitoe. Mchangani unakwenda polepole huku injini ikizunguka kwa kasi, na hiyo ndiyo hali ambayo feni ya mkanda huvuta hewa nyingi kuliko feni za umeme za kawaida. Na feni mbili za umeme zinaweza kuiongezea altaneta (jenereta ya gari) mzigo wa ampea 40 au 50 muda wote.

Kagua klachi ya feni, kiungo kinachoishika feni injini ikipata moto. Ndani yake mna mafuta ya silikoni ambayo hupungua kwa miaka. Injini ikiwa moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono: ikizunguka kirahisi bila ukinzani, klachi imechoka. Zile zenye vifuniko vya skrubu zinafunguliwa na kuongezwa mafuta hayo. Halafu angalia kava linaloizunguka feni. Likiwa limepasuka au halipo, feni huzungusha hewa ileile moto ya chumba cha injini. Nimeona magari mengi yakibadilishiwa rejeta nzima ilhali kava ndilo lililokosekana.

Winchi yangu inasema "tk, tk" tu, mota haizunguki. Huku mvua hazikatiki. – Msomaji, Bukavu

Betri kwanza: pima volti huku msaidizi amebonyeza rimoti. Zikianguka chini ya 10, ni betri au kichwa cha waya. Zikibaki juu, safisha ethi ya boksi. Waya ule mwembamba ukiota kutu, solenoidi zinagonga bila kushika. Kama boksi lilikaa bampani likizama matopeni, fungua uone rangi ya kijani kwenye shaba. Wakati wa kulihamisha, badala ya solenoidi nne weka kontakta moja (swichi kubwa ya umeme) iliyofungwa dhidi ya maji. Toboa pia tundu dogo chini ya boksi, maana mvuke utaingia tu na lazima upate pa kutokea.

Nimeona magari ya Rhino Charge, yale mashindano ya porini ya Kenya, yenye rejeta nyuma. Na sisi tufanye hivyo? – Msomaji, Nanyuki

Kwa mashindano, sawa. Baadhi yao wameinusuru rejeta isipigwe na mawe na miti, na wameridhia gharama yake: mabomba marefu ya maji moto, feni kubwa za umeme, na nafasi ya mizigo kupotea. Gari la shamba au la familia halihitaji hayo.

Mota ya winchi inakuwa moto mpaka inanuka. Niiwekee feni? – Msomaji, Morogoro

Feni haitasaidia, kwa sababu mota imefungwa pande zote dhidi ya maji. Joto lake linatokana na ampea, kwa hiyo punguza ampea. Kapi moja ikifungwa kwenye mti na ndoano ikarudi kwenye gari, mzigo wa mota unakuwa karibu nusu. Fungua kamba nyingi, kwa kuwa dramu huvuta kwa nguvu zaidi ikiwa imebaki na mizunguko michache. Kwa kamba ya chuma acha isiyopungua mitano. Vuta kwa vipindi vifupi, chini ya dakika moja mzigo ukiwa mkubwa, na injini iungurume kwenye mizunguko 1,200 hadi 1,500. Altaneta ya ampea 80 haiwezi kulipa deni la ampea 400, hivyo kila mapumziko ya mota ni muda wa betri kujaa tena. Shika mota kwa kiganja. Ukishindwa kukiacha hapo, ngoja, na wakati huo chimba tope lililo mbele ya matairi.