Roboti inaniiga nikisimama, lakini nikitembea inaanguka

SWALI: Mhandisi, mimi ni fundi wa elektroniki hapa Isevya, Tabora. Nimeunda roboti ya miguu miwili yenye mota za servo, yaani mota zinazogeuka hadi pembe zinayoamriwa, na kitovu chake cha uzito kiko sentimita 35 kutoka sakafuni. Nimejifunga vihisi vya mwendo kiunoni, mapajani na kwenye miundi, na pembe za viungo vyangu hurushwa kwenye roboti bila waya. Nikichuchumaa nayo huchuchumaa, lakini nikianza kutembea huanguka katika hatua ya pili. Je, ninunue vihisi bora zaidi? Na je, nitaweza kuiendesha nikiwa Tabora, yenyewe ikiwa Kigoma kwa kaka yangu?

JIBU: Ndugu fundi, usinunue vihisi vingine. Ikiwa roboti inachuchumaa sawasawa nawe, basi pembe zinasomwa vizuri. Kinachokuangusha ni kwamba unaipelekea roboti pembe ilhali ilichohitaji ni mizani, yaani uwezo wa kujizuia isianguke.

Chochote kinachotembea kwa miguu miwili huwa kinaanguka na kujidaka, na wepesi wa kuanguka huko hutegemea kimo. Gawanya kimo cha kitovu cha uzito, kwa mita, kwa mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani 9.8, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kwako wewe, ambaye kitovu chako kiko karibu mita 1 juu, utapata takriban sekunde 0.32, kwa roboti yako utapata sekunde 0.19. Kila muda huo unapopita bila mguu kukanyaga mahali panapofaa, kosa la mwegemeo hukua karibu mara 2.7. Simamisha mpini wa jembe kiganjani, kisha ujaribu kalamu, nawe utaona tofauti hiyo kwa macho. Roboti yako inapiga hatua kwa mwendo wako wa taratibu wakati mwili wake unadai hatua za haraka zaidi, na hata kama pembe zingesomwa bila kosa lolote ingeanguka vilevile.

Mwaka 2019 João Ramos na Sangbae Kim walichapisha kazi yao kuhusu roboti ndogo ya miguu miwili iliyotengenezwa katika chuo cha MIT, Marekani, ambayo mwendeshaji wake hufungwa kifaa kiwiliwilini. Hawakunakili pembe tu. Walilinganisha mizani ya mtu na ya roboti kwa kuzingatia kimo na muda wa kila mmoja, na kile kifaa kikamsukuma mwendeshaji ili ausikie mwili wa roboti na kwenda nao pamoja. Kifaa cha namna hiyo ni ghali na ni kizito kukiunda, kwa hiyo kwako napendekeza njia nyepesi zaidi.

Kihisi cha kiunoni kiseme nia yako tu: kwenda, kugeuka, kusimama. Hatua zenyewe iamue roboti. Iwekee kihisi chake kiwiliwilini, na programu yake ichukue mahali kitovu cha uzito kilipo, iongeze kasi yake ikizidishwa kwa 0.19, kisha ikanyage karibu na hapo. Mota ndogo za mtetemo kutoka simu mbovu, ukizishona kwenye mkanda, zitakujulisha inaegemea upande gani. Angalia pia servo zenyewe, maana nyingi za bei ya kati huhitaji sekunde 0.15 hadi 0.2 kugeuka nyuzi 60, na hapo muda wako wote umekwisha. Fupisha hatua, au utafute servo zenye kasi zaidi. Hapo ndipo ningetumia fedha.

Usione haya kumpunguzia mtu kazi. Miaka ya 1960 Ralph Mosher wa kampuni ya General Electric aliunda gari la miguu minne, ambalo dereva aliendesha miguu ya mbele kwa mikono yake na ya nyuma kwa miguu yake. Lilitembea, ila dereva alichoka upesi mno.

Kuhusu Kigoma, umbali si kikwazo. Mwanga ndani ya mkongo husafiri kilomita 400 kwa takriban sekunde 0.002. Kinachochelewesha ni mtandao wa simu, ambao huweza kuchukua sehemu kubwa ya sekunde 0.19 zako, tena bila utaratibu unaotabirika. Mizani ikiwa ndani ya roboti, amri ya kwenda kushoto inaweza kuchelewa hata nusu sekunde bila madhara. Mizani ikitoka kwako Isevya, roboti itaanguka. Weka sharti kwamba ujumbe usipofika kwa muda uliouchagua, roboti ishushe miguu yote miwili na kusimama. Kisha, kabla ya kuipakia kwenye treni, ongeza ucheleweshaji wa makusudi katika programu yako hapohapo karakana, ukianza na sekunde 0.1 na kupanda kidogokidogo, ili ujue inashindwa wapi.