Chupa zako zilikaa masaa mangapi?

Wadogo zangu mnaofanya projekti za kemia za kupima umumunyifu (maji yanabeba unga kiasi gani kwa joto fulani), meseji ninazopata karibu zote zinafanana: "kaka, ekwesheni yangu ya Apelblat imefiti, R2 ni 0.999, nishamaliza?" (Apelblat ni ekwesheni ya kuchora umumunyifu unavyobadilika na joto, R2 ni namba inayoonyesha mstari umefuata pointi vizuri kiasi gani, 1 ndio kamili.) Mi nauliza kwanza chupa zako zilikaa masaa mangapi kwenye bafu la maji (chombo cha maji kinachoshika joto moja), na hapo wengi wananyamaza.

Mimi nilijifunzia kwenye asidi ya benzoiki, ile iliyomo kwenye dawa ya fangasi ya Whitfield (6% benzoiki na 3% salisiliki), na soda nyingi zinawekwa chumvi yake zisiharibike. Nawashauri muanze nayo kwasababu haitaki mashine ya gharama, unataitreti na NaOH (unadondosha sodiamu haidroksaidi hadi asidi iishe) na fenolfthaleini (inabadilika rangi ikiisha) basi. Maji yachemshe kwanza yapoe, yatoke kaboni dayoksaidi, la sivyo NaOH yako inaliwa na hewa.

Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi, unaweka unga mwingi kuliko maji yanavyoweza kuubeba, unatikisa, unaacha utulie, unachota maji ya juu unapima. Lazima unga ubaki chini, ule ndio shahidi wako kwamba maji yameshiba. Kwa nyuzi 25 maji yanabeba kama gramu 3.4 kwa lita, kwahiyo ukichota ml 25 na NaOH yako ni 0.05 M utegemee kutumia kama ml 14, ukipata 11 usianze kubadilisha ekwesheni, rudi kwenye chupa.

Mi nyuzi 40 zilinitesa wiki mbili nzima. Nilitakiwa nipate kama gramu 5.5 kwa lita, napata 4.6, narudia napata 4.7, nikaanza kuamini labda vitabu ndio vimekosea. Siku moja nikaiangalia pipeti kwenye mwanga wa dirisha nikaona vichenga vyeupe vimeganda ndani ya ncha, yaani sampuli inatoka kwenye joto inaingia kwenye kioo cha baridi inaanza kuganda palepale, mimi napima kilichobaki. Toka siku hiyo pipeti, bomba la sindano na filta vyote navilaza kwenye joto lilelile la bafu kabla sijachota, na nikishachota tu naongeza maji ya moto kidogo ili kisigande kitu. Halafu kuna umeme. Ukikatika usiku usijidai hujaona, hizo chupa anza kuzihesabia masaa upya.

Masaa mangapi sasa? Watu wanasema 24, wengine 72, mi nasema chota leo, chota kesho, chota keshokutwa, namba ikiacha kusogea ndio jibu. Na chupa moja ipashe moto zaidi kwanza halafu ishushe hadi joto lako, ili namba ije kutoka juu wakati nyingine zinakuja kutoka chini, zikikutana nalala usingizi. Na ule unga uliobaki uangalie pia, maana kafeini kavu ikikaa kwenye maji inageuka hidreti (kafeini iliyoshikana na maji), hapo unakuwa unapima kitu kingine kabisa.

Sasa modeli. Apelblat ina herufi tatu za kuchezea, A, B na C, wewe una pointi tano za joto, itapita kwenye mstari wowote uliopinda vizuri hata kama data yote imepungua kwa kosa lilelile la pipeti. R2 haijui pipeti yako ilikuwa ya baridi.

Anza na ile hesabu ya umumunyifu aidiali. Kiswahili chetu kinasema sukari inayeyuka kwenye chai na samli inayeyuka kwenye kikaango, neno ni hilohilo, na hii hesabu inaunganisha hayo mawili kweli, inachukua joto la kuyeyukia kwa moto (benzoiki ni nyuzi 122) na nishati yake, kama kilojuli 18 kwa moli, inakupa sehemu ya moli 0.17 (yaani molekuli 17 kati ya kila 100 za mchanganyiko) kwa nyuzi 25 bila kujali solventi, kile kimiminika kinachoyeyusha, ni ipi. Linganisha sasa. Etanoli, gramu moja kwa kama ml 2.3, ukipiga hesabu inatoka 0.17, karibu sawasawa! Maji, gramu moja kwa ml 300, inatoka 0.0005. Yaani maji yanaikataa hiyo molekuli mara 300 na zaidi, ile pete ya benzini haina pa kukaa kati ya maji yanayoshikana yenyewe kwa yenyewe. Hiyo namba moja imenifundisha kuliko majedwali yote ya A, B, C niliyowahi kuyajaza. NRTL na Wilson, modeli nyingine za umumunyifu, zinakuja baada ya hapo, kazi yake ni kueleza huko kukataa, na ukichanganya maji na etanoli ndio utaziona zinafanya kazi kweli.

Ukinitumia data nitaisoma na nitakujibu, ila niandikie na masaa, na joto ulilosoma kwenye themomita iliyokuwa ndani ya maji sio lile la kwenye kitufe cha bafu, na ulichokikuta chini ya chupa.