Kutoka kusoma tu hadi kuweka kazi yako mtandaoni: nilivyoanza na picha za mkonge

Dada uliyeuliza, unasema miaka yote mtandaoni umekuwa mtu wa kusoma, kutazama na kupakua. Sasa unataka watu waione mikeka unayosuka, ila una hofu tatu: kazi haijafikia kiwango, itaibwa, na hakuna atakayeitazama. Nakujibu kwa niliyoyapitia, maana hofu hizohizo zilinikalisha kimya muda mrefu.

Mimi ni mpiga picha, niko Tanga. Harusi, vipaimara na picha za pasipoti ndiyo riziki yangu. Nje ya hapo nimekuwa nikipiga picha za mkonge kwa kuwa nimekulia kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, na picha hizo zilikuwa zimelala tu kwenye diski. Kilichonisukuma ni makala moja niliyosoma kuhusu zao hili. Habari za Mjerumani Richard Hindorf aliyeleta mkonge huku mwaka 1893 zilikuwemo, lakini picha ilikuwa ya shamba kwa mbali, bila kusema ni wapi. Hakuna mkataji, hakuna korona (mashine inayotoa nyuzi kwenye jani), hakuna singa, yaani nyuzi zenyewe, zilizoanikwa. Mimi nilikuwa navyo vyote.

Kwa hiyo hofu yako ya kiwango naijibu hivi: jiulize watu wanakosa nini ambacho wewe unacho. Picha nzuri za mikeka iliyokamilika zipo nyingi. Mtu anayeonyesha ukili (ule mkanda uliosukwa ambao hushonwa kuwa mkeka) unavyoanzwa, chane ngapi, yaani vipande vya majani, zinaingia, rangi inavyokolezwa kwenye sufuria, na mahali ukili mmoja unaposhonwa na mwenzake, huyo ni adimu. Hapo ndipo penye thamani, hata kama simu yako ni ya kawaida.

Nilichagua Wikimedia Commons, ghala la picha huria lililoanzishwa 2004, ambako Wikipedia za lugha zote huchota picha. Kabla sijaweka ya kwangu, nilianza kwa kuongeza maelezo kwenye picha za wengine: hapa jina la kijiji, pale hatua ya kazi. Nakushauri nawe uanze hivyo. Ukikuta picha ya mkeka imeandikwa tu kwamba umesukwa kwa majani, ongeza kwamba ni ukindu, ikiwa una hakika. Ni kazi ya dakika chache, na inakuzoesha kuandika mbele za watu.

Ilipofika zamu ya picha yangu, kubonyeza hakukunichukua muda. Maelezo ndiyo yalichukua jioni nzima. Niliandika: "Singa za mkonge zikiwa juani baada ya kutoka kwenye korona, wilaya ya Korogwe, mkoa wa Tanga. Zikikauka hupelekwa kwenye mashine ya brashi." Kisha nikaweka picha ya makapi ya kijani yanayotoka chini ya mashine, na hapo nikaeleza kwamba singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kilichobaki ni maji na makapi. Asiyeambiwa hivyo ataona uchafu tu. Picha isiyo na maelezo haipatikani hata ikitafutwa, na ikipatikana haimfai mtu. Andika kwa Kiswahili chako chote, na majina yote ya kazi yenu. Ukipata wa kukusaidia na lugha nyingine, vizuri, lakini usimsubiri.

Sasa kuhusu wizi, na hapa naomba usome taratibu. Picha zangu niliziweka kwa leseni huria ya Creative Commons iitwayo CC BY-SA 4.0. Maana yake mtu yeyote anaweza kuzitumia, hata kibiashara, mradi ataje jina langu na leseni, na akizibadilisha atoe alichotengeneza kwa leseni hiyohiyo. Ukishaitoa leseni hiyo, huwezi kuifuta kwa mtu anayefuata masharti yake. Kwa hiyo gawa kazi yako mafungu mawili. Hatua za usukaji ziachie huria. Mitindo unayobuni kwa ajili ya wateja weka kwenye ukurasa wako mwenyewe na haki zako zote ubaki nazo. Picha za harusi za watu mimi sijawahi kuzipeleka huko na sitazipeleka.

Ilishatokea kampuni moja ikatumia picha yangu bila kutaja jina. Iliniuma. Niliwaandikia kwa adabu, nikawawekea kiungo cha picha na masharti ya leseni, na jina likawekwa. Ukiwa na tarehe ya kupakia na leseni iliyoandikwa wazi, una pa kusimamia. Picha iliyozagaa kwenye magrupu ya WhatsApp haikupi nafasi hiyo.

Watu uwaombe ruhusa kwanza. Mzee mmoja mkataji aliniambia niweke mikono yake, sura niiache, na nikafanya hivyo. Ile ya mikono imekuwa picha ninayoipenda kuliko zote. Na kama unasukia nyumbani, zima huduma ya mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kupiga, maana picha huweza kubeba ndani yake mahali ilipopigiwa, na mtu akafika hadi mlangoni kwako. Pakia picha ikiwa na ukubwa wake halisi, usiipunguze. Mimi hutumia bando la usiku.

Kutotazamwa utakutana nako, ni kweli. Hakuna makofi kule. Lakini chini ya kila picha pana sehemu inayoonyesha imetumika wapi, na siku moja nilikuta ya singa iko kwenye makala ya lugha nisiyoijua hata neno. Mtu wa mbali anasoma kuhusu mkonge na anachokiona ni Korogwe. Sikuwahi kupata furaha ya namna hiyo kwa miaka yote niliyokuwa nasoma tu.

Ningependa uanze na ukili ambao haujashonwa, umekunjuliwa sakafuni, mchana, karibu na dirisha. Andika umetumia ukindu wa wapi na umeutia rangi kwa kutumia kitu gani. Ukifika kwenye kuchagua leseni ukasita, niandikie hapahapa kabla hujabonyeza.